"Jana ulifanya nini?": Kisa cha wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliotumwa kuhoji watu kazini

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha shule ya kata, ya kutwa, katika mji wa bandari kwenye pwani ya Tanzania. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, kazi niliyopewa juu ya vipindi vyangu vya Jiografia. Jina la shule, mwaka na majina ya watu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha, kwa sababu watu tuliowahoji wanakutana na wazazi wetu sokoni kila siku. Ninakiandika kwa walimu wenzangu wanaotaka kujaribu jambo kama hili. Sisi tulianza kwa kuharibu, na kule kuharibu ndiko kwenye faida zaidi.

Usuli

Mwezi wa Februari niliwagawia Kidato cha Tatu vipande vya karatasi, kila mmoja aandike kazi anayoitaka. Zilirudi karatasi 43. Kazi zilizotajwa zilikuwa tisa: daktari, mwanajeshi, mwanasheria, injinia, rubani, mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara, na "kazi ya ofisini". Huyo wa mwisho aliipigia mstari kabisa.

Kutoka darasani kwetu hadi geti la bandari ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Hakuna aliyeandika wakala wa forodha, mwendesha kreni wala fundi wa mitambo. Hata aliyeandika rubani alimaanisha wa ndege. Kwamba meli nazo zina rubani anayezipitisha kuingia gatini, hakuwa amewahi kusikia, na meli anaziona kila asubuhi.

Si kwamba shule haikuwa imefanya lolote. Kila mwaka tulikuwa tukimwalika mtu mmoja aliyefanikiwa, anasimama paredi, anaeleza alivyokuwa akitembea peku kilomita nane kwenda shule, anawahimiza wasome kwa bidii na waache utoro, anapigiwa makofi ya kilo, anapewa soda, anaondoka. Nimewasikiliza wageni wa namna hiyo kwa miaka mingi. Sikumbuki hata mmoja aliyetuambia anafanya nini akishafika kazini.

Kwa nini hili linauma zaidi Kidato cha Tatu? Mwanafunzi anafanya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili mwezi Novemba, na Januari inayofuata anaamua abaki na masomo gani. Wakati ule Hisabati na Baiolojia zilikuwa haziachwi. Fizikia na Kemia zilikuwa zinaachika, na katika shule kama yetu, ambayo mwalimu wa Fizikia anaweza kupatikana mwaka huu na kuhamishwa mwakani, zilikuwa zinaachwa na wengi. Uamuzi huo anaufanya mtoto wa miaka kumi na sita kwa kuangalia rafiki yake amekwenda mkondo gani. Baadaye zinakuja fomu za kuchagua vyuo na tahasusi, yaani masomo matatu ya Kidato cha Tano, PCB ya sayansi au HKL ya historia na lugha, na hapo milango mingine imeshafungwa muda mrefu bila mwenyewe kujua kwamba ilikuwepo.

Mpango wa kwanza

Niliwagawa katika vikundi vinane. Kila kikundi kingekwenda kwa mtu mmoja kazini kwake Jumatano mchana, kimhoji kwa muda wa saa moja, kisha kilete ripoti. Orodha ya watu niliipata kwa njia ninayoifahamu: majirani, wazazi na watu ninaosali nao. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza aliupenda mpango, akaomba maswali yaandikwe kwa Kiingereza ili ayasahihishe kama zoezi. Nilikubali. Shule yetu ina kibao kinachosema Kiingereza ndiyo lugha ya eneo hilo, na wakati ule niliona ni sawa tu.

Maswali yalikuwa kumi na mawili. Mtu anapata changamoto gani. Siri ya mafanikio yake ni nini. Ana ushauri gani kwa vijana. Ukiyasoma leo unaona kabisa tulikuwa tumemwandalia mgeni wetu wa paredi kiti chake kilekile, tofauti ni kwamba safari hii sisi ndio tuliomfuata.

Jumatano ya kwanza

Vikundi vinne ndivyo vilivyotoka siku hiyo.

Kilichokwenda ofisi ya wakili kilikaa kwenye benchi tangu saa saba mchana hadi saa kumi. Karani aliipokea barua yangu wiki moja kabla, akaiweka kwenye faili, na wakili mwenyewe hakuiona.

Kilichokwenda kituo cha afya kilirudishwa mlangoni. Muuguzi aliyekubali kuhojiwa nilikuwa nimeongea naye kirafiki, na barua nikamwandikia yeye. Mtumishi wa umma hawezi kujiruhusu kupokea wageni wa namna hiyo. Barua ilitakiwa iende kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, ipigwe muhuri, ndipo irudi. Kosa hilo ni langu moja kwa moja, na nilikuwa na miaka ya kutosha serikalini kulijua.

Kilichokwenda kwa mhasibu kiliingia, kikakaribishwa vizuri, kikasoma maswali yake kwa Kiingereza. Mhasibu akajibu kwa Kiingereza kizuri cha haraka. Baadaye nililiomba daftari la kiongozi wa kikundi. Kwenye swali la changamoto kulikuwa na neno moja: nyingi. Kwenye siri ya mafanikio: bidii. Ukurasa mzima ulikuwa na maneno yasiyozidi thelathini. Nilipomuuliza kiongozi huyo kwamba mhasibu yule anafanya nini hasa, akaniambia, "Mwalimu, anahesabu hela." Hilo alilijua kabla hajavuka barabara.

Kikundi cha nne kilikuwa kimekosa mahali pa kwenda. Nilikipeleka kwa fundi wa majokofu na viyoyozi aliye karibu na stendi, nikijua kabisa ninajaza nafasi. Walininung'unikia: "Mwalimu, wenzetu wanakwenda ofisini, sisi kwa fundi?" Na kwa haraka ya kuondoka wakaisahau karatasi ya maswali mezani kwangu.

Hiki ndicho kikundi kilichorudi na kurasa sita.

Nilikwenda kwa fundi siku ya pili yake kumshukuru na, kusema kweli, kupeleleza. Akanisimulia. Walimkuta amelaza friji ya mwenye duka, mgongo juu. Walikuwa hawana karatasi ya maswali, wakabaki kuuliza wanachokiona. Mmoja akaona kibandiko kwenye kompresa kimeandikwa R600a, akauliza hiyo ni namba ya nini. Fundi akamwambia ni aina ya gesi iliyomo ndani, na hii inawaka kama gesi ya kupikia, kwa hiyo hasogezi moto wa kuchomelea mpaka aimalize kuitoa na mlango wa banda uwe wazi. Akawaonyesha friji nyingine ya zamani kidogo yenye R134a, ambayo haiwaki. Akawapa geji waishike. Akawaambia kwamba Kidato cha Nne alipata F ya Fizikia, akaenda chuo cha ufundi stadi, na presha alikuja kuielewa pale, kwenye mshale wa geji unaposhuka.

Kisha binti mmoja, ambaye darasani sijawahi kumsikia akinyoosha kidole, akamuuliza: "Jana ulipata kazi ngapi?"

Fundi akahesabu kwa vidole. Tatu. Asubuhi alipanda juu ya paa la nyumba ya wageni kusafisha viyoyozi, akalipwa. Mchana alitengeneza friji ya jirani, hakulipwa, ameambiwa mwisho wa mwezi. Jioni alivuka mji mzima kwa bodaboda kwa mteja aliyesema friji yake haigandishi. Kufika, akakuta plagi imelegea ukutani. "Hapo unamdai nini?" aliwauliza wale watoto. Wakabishana naye robo saa nzima kama nauli pekee inatosha au na muda wake ulipwe.

Nilichobadilisha, na sababu

Alhamisi ile nilivisimamisha vikundi vilivyobaki. Niliona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mkuu wa shule kwamba kila kitu kinakwenda vizuri.

Kwanza ni lugha. Nilimwambia mwalimu wa Kiingereza kwamba mahojiano yatafanyika kwa Kiswahili. Alipinga, tena si bila hoja: mtihani wa mwisho ni wa Kiingereza, na kila tunapowalegezea tunawapunguzia. Tulikubaliana kwamba wahoji kwa Kiswahili na ripoti waandike kwa Kiingereza. Ilikuja kuonekana kwamba hata yeye alifaidika, kwa sababu sasa walikuwa na jambo la kuandika. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa nyingine. Anayeuliza kwa lugha anayoiogopa hawezi kuuliza swali la pili. Akishapata jibu anarudi kwenye karatasi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kazi ya mtu inaonekana kwenye swali la pili.

Ndipo nikayafuta maswali yote kumi na mawili. Badala yake likabaki moja la kufungulia: "Jana, tangu ulipofika kazini, ulifanya nini na nini?" Mengine yote wayatoe kwenye jibu. Neno "changamoto" nililipiga marufuku. Kila mtu mzima Tanzania akiulizwa changamoto anajibu "changamoto ni nyingi", na mazungumzo yanaishia pale. Anayetaka kujua, aulize jana kitu gani kilimkera.

Kulikuwa na suala la mshahara. Wanafunzi walitaka sana kulijua, na wazazi wawili walikuwa wameshaniambia kumuuliza mtu mzima mshahara wake ni kukosa adabu. Wana haki. Lakini kumpeleka mtoto akachague kazi bila kujua kama inalisha ni kumficha nusu ya habari. Tulilijadili darasani kipindi kizima. Swali tulilotoka nalo si langu, ni la kijana wa dawati la nyuma: "Mtu anayeanza kazi hii leo, anaweza kupanga chumba na kula bila kusaidiwa na nyumbani?" Hakuna hata mmoja aliyekataa kulijibu. Wengine walijibu kwa kirefu kuliko tulivyotegemea, na wawili wakataja kiasi wenyewe.

Mazoezi tuliyafanya kwa mama lishe anayeuza pembeni ya uzio wetu. Alisema jana aliamka saa tisa usiku, akaeleza unga, mafuta, mkaa, na chapati zilizobaki zinakwenda wapi. Walipomkazania kwenye faida akacheka: "Wanangu, mnanihoji kama TRA, watu wa kodi!" Wanafunzi walizoea pale, mbele ya mtu wasiyemwogopa, jinsi ya kumsalimu, kuomba ruhusa ya kuandika, kunyamaza mtu anapofikiri, na kumrudisha kwenye jana yake anapoanza mawaidha. Hilo la mwisho ni gumu. Mtoto wa Kiswahili hamkatizi mkubwa. Tulikubaliana wamwache amalize, waitikie, kisha waseme: "Tumeshukuru sana, baba. Na baada ya hapo jana ulifanya nini?"

Upande wa usalama nilikuwa nimefanya nusu. Barua za wazazi zilikuwepo, na hakuna aliyetoka peke yake, lakini mama mmoja alikuja shuleni akasema binti yake haendi kwenye gereji ya wanaume. Nikamwomba aende naye. Alikwenda, na kwa habari nilizozipata aliuliza maswali mengi kuliko watoto wote. Kuanzia hapo kila kikundi kilikuwa na mtu mzima mmoja, mzazi au mwalimu, na ikawa mwiko mwanafunzi kutoa au kuchukua namba ya simu. Wakitaka kuuliza zaidi, wanapitia kwangu.

Awamu ya pili

Barua kwa Mganga Mfawidhi ilichukua siku kumi na moja kurudi na muhuri.

Muuguzi aliwaambia kwamba jana yake haikuanza na mgonjwa. Ilianza na makabidhiano: aliyekesha anamweleza anayeingia nani yuko kitanda gani, dripu ya nani inaisha saa ngapi, vifaa vimebaki vingapi. Kisha akawaonyesha vitabu vya MTUHA, rejesta kubwa kubwa za kujaza kila anayehudumiwa, akasema sehemu kubwa ya mchana wake ilikuwa kuandika. Wanafunzi walishangaa. Walidhani uuguzi ni sindano.

Katika kikundi kile alikuwemo binti aliyeandika "muuguzi" mwezi wa Februari. Aliuliza, kama wote walivyouliza, ilimlazimu kusoma nini. Muuguzi akamjibu kwamba kwa stashahada wanaangalia ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mzazi aliyefuatana nao aliniambia binti yule aliacha kuandika. Kemia na Fizikia alikuwa ameziacha Januari.

Jumatatu alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo mwalimu. Ninaweza kurudi Kemia?" Ilikuwa mwezi wa Aprili.

Kwa wakala wa forodha walikuta jana nzima ya mtu imeliwa na kosa la tarakimu moja kwenye hati ya mzigo. Kontena limekwama, gharama za kulihifadhi zinapanda kila siku, naye yuko kwenye simu na mteja anayefoka. "Kumbe kazi yenyewe ni kubembeleza watu," aliandika mmoja, na wakala alipoisoma ile ripoti alisema hajawahi kuona maelezo mazuri zaidi ya kazi yake.

Mahali pawili swali letu liligonga mwamba. Meneja wa taasisi moja alijibu, "Jana nilikuwa kwenye vikao," kisha akatoa hotuba ya dakika arobaini. Na wakili, ambaye safari hii tulimpata, aliwaeleza kwa upole kwamba ya jana hawezi kuyasema, ni siri za wateja. Wanafunzi walikwama kwa muda, kisha mmoja akamuuliza siku ambayo hana kesi anaitumiaje. Anasoma, alisema. Anasoma na kuandika, siku nzima, peke yake. Wawili kati ya waliotaka uanasheria kwa sababu wanapenda kubishana walirudi kimya.

Matokeo

Mwezi wa Juni niligawa karatasi tena. Kazi zilizotajwa zilifika 21. Siitegemei sana namba hii, maana wengine waliandika tu walikokwenda kuhoji. Udaktari haukupoteza hata mmoja.

Wanafunzi watatu waliomba kurudi kwenye masomo ya sayansi. Mwalimu wa Kemia aliwapokea, akawapa vipindi vya ziada baada ya masomo. Mmoja aliacha tena mwezi wa Agosti. Yule binti aliendelea. Kidato cha Nne alipata D ya Kemia na F ya Fizikia, na mwaka uliofuata akajiandikisha kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vijana wawili wa kikundi cha fundi waliomba chuo cha ufundi stadi kwa hiari yao, jambo ambalo shuleni kwetu huwa linafanywa na aliyefeli tu.

Uchambuzi

Swali la jana lilifanya kazi kwa sababu linamwondoa mtu mzima kwenye kiti cha mshauri. Mwulize kuhusu maisha yake, atakupa mawaidha, maana ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akiulizwa na mdogo, anafunda. Mwulize jana, anabaki na kumbukumbu tu, na kwenye kumbukumbu ndimo ilimo plagi iliyolegea. Linawafaa zaidi watu wanaogusa vitu au watu kwa mikono yao. Linakosa nguvu kwa wakubwa wa ofisi na kwa wenye siri za wengine. Kwa hao, siku hizi ningemhoji msaidizi wao kwanza.

Kwenda kazini kulitutesa kwa gharama na muhuri, lakini sioni njia ya mkato. Kibandiko cha R600a hakiji paredi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kalenda. Nililifanya jambo hili miezi baada ya wanafunzi kuchagua masomo. Mahali pake ni Kidato cha Pili, kabla ya Novemba. Sasa kwa kuwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imetenga elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, uamuzi unasogea hadi mlangoni mwa Kidato cha Kwanza, na sijui walimu wa msingi wameandaliwaje kwa hilo.

La pili, kila kazi tuliihoji kwa mtu mmoja. Kikundi cha mhasibu kilirudi kwake mara ya pili na Kiswahili chake, kikamkuta amechoka na kazi, anasubiri kuhama. Watoto watano wakauchukia uhasibu kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na mwezi mbaya. Watu wawili kwa kila kazi, mmoja mpya na mmoja mkongwe, vikundi vikiwa vichache, kungetupa picha iliyo sawa zaidi.

Na orodha yangu ilikuwa orodha ya jamaa zangu. Mafundi wote walikuwa wanaume. Wasichana 24 walipita mwaka ule wakiona wanawake kwenye uuguzi na chapati. Mama yule aliyekwenda gereji ndiye aliyenionyesha hilo, wakati anarudisha barua ya ruhusa: "Mwalimu, huko hamna hata mmoja wetu?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuja kumpata fundi umeme mwanamke mwaka uliofuata, kupitia kwa yule fundi wa majokofu, ambaye alikuwa amefanya naye kazi kwenye jengo moja.

Fundi wa majokofu naye alidai malipo yake. Alitaka nakala ya zile kurasa sita, akaomba zikapigwe chapa. Amezibandika bandani, juu ya kopo la skrubu, na wateja huzisoma wakati wanasubiri.

Kidato cha Pili cha mwaka huu kina vikundi kumi. Barua ya Mganga Mfawidhi niliipeleka wiki tatu kabla ya muda. Muhuri bado.